Je, Wajua? Korona Ilifunga Shule, Habari za Watoto Zikaenda Wapi?

Sogea hapa benchini, nafasi ipo. Mbele yako kuna watu watano na magunia yao, na foleni ya mashine ya kukoboa mpunga hapa Msangano, mkoani Songwe, huwa haina haraka. Mimi mfuko wangu leo umejaa maajabu ya magonjwa ya mlipuko, magazeti, redio na watoto. Mengine yatakuchekesha, mengine yatakukaba koo. Shika la kwanza.

Je, wajua kuwa "gazeti" na "karantini" ni maneno ya mji mmoja? Mji wenyewe ni Venice, Italia. Gazeta ilikuwa sarafu ndogo ya huko ambayo watu walilipia karatasi ya habari, na karantini ni siku 40 ambazo meli zilisubiri nje ya bandari zama za tauni. Habari na ugonjwa vimelelewa nyumba moja!

Na "barakoa" je? Kabla ya 2020 ukilitaja neno hilo Unguja, mzee angekuonyesha kile kitambaa cha usoni cha mabibi wa Kiarabu wa zamani. Korona ikalichukua kutoka kabatini kwa bibi, ikalivalisha dereva wa lori Tunduma.

Neno "ukatili" lina siri pia. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuua. Kiswahili kikalitanua mpaka leo linabeba kila kitu, kuanzia fimbo ya mgongoni hadi ubakaji, ndiyo maana ukisoma "mtoto afanyiwa ukatili" bado hujajua amefanywa nini.

Haya, tuingie mwaka wenyewe. Tarehe 16 Machi 2020, Waziri Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania. Unajua wizara yake iliitwaje? Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto! Waziri wa ugonjwa na waziri wa watoto alikuwa mtu mmoja, na neno "Watoto" lilikaa mwisho kabisa wa kibao.

Wizara hiyo iligawanywa Januari 2022. Ummy Mwalimu akarudi Afya, na Dorothy Gwajima, aliyekuwa Afya, akahamia kwenye watoto.

Siku 104. Hizo ndizo zilizopita kati ya tangazo la kufunga shule la 17 Machi 2020 na kengele ya 29 Juni. Kidato cha Sita pekee walitangulia, 1 Juni. Kengele nyingine zote zilikaa kimya, na mtoto wa Msangano akashika jembe au akashika mdogo wake.

Unaona siku 104 ni nyingi? Waulize Waganda. Shule zao zilifungwa 20 Machi 2020, na madarasa yote hayakufunguka mpaka 10 Januari 2022. UNESCO ilihesabu wiki 83, rekodi ya dunia nzima. Binti aliyeondoka darasani na miaka 13 alirudi akikaribia 15, kama alirudi.

Hii nzuri: habari ya kufunguliwa shule zote za Tanzania ilitolewa na Rais John Magufuli Dodoma, alipokuwa akilivunja Bunge, tarehe 16 Juni 2020. Umeshtuka tarehe? Ni Siku ya Mtoto wa Afrika! Inakumbuka watoto wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakiandamana kwa sababu ya masomo yao.

Wagonjwa 509, vifo 21. Hiyo ndiyo hesabu ya mwisho ambayo Tanzania ilitoa mwaka 2020. Ile 509 ikakaa kwenye majedwali ya dunia zaidi ya mwaka mzima bila kutikisika, kama saa ya ukutani iliyokwisha betri.

Na vyombo vya habari? Aprili 2020 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizitoza kampuni tatu za utangazaji, Star Media, Multichoice na Azam, faini ya shilingi milioni 5 kila moja kwa habari za korona ilizosema zinapotosha. Mwezi huo huo leseni ya mtandaoni ya Mwananchi ikasimamishwa miezi sita. Mhariri aliyeona hayo kwa jirani yake, kesho yake anaandika korona kwa mkono unaotetemeka.

Sasa twende mpakani, kwa njia ya vumbi kutoka hapa tulipokaa. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa na marais wawili, Magufuli na Edgar Lungu, tarehe 5 Oktoba 2019. Miezi saba tu baadaye, Mei 2020, Lungu akaufunga mpaka!

Kwa nini? Kwa sababu Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 kwa mpigo mmoja, na 76 kati yao walikuwa Nakonde. Sabini na sita, mji mmoja, ng'ambo ya barabara! Vichwa vya habari vikajaa malori na madereva. Lori huwezi kukosa kulihesabu, linaziba njia. Mtoto aliyefungiwa chumbani haonekani kwenye foleni yoyote.

Wajua pia kwamba barabara hiyo inakata saa? Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza Tunduma, Nakonde ni saa moja. Ukivuka miguu miwili mitatu umepewa saa nzima bure, na ukirudi unanyang'anywa.

Twende Kenya, maana huko ndiko kilikotokea kisa cha habari ninachokipenda kuliko vyote. Juni 2020 magazeti na televisheni vililipuka: wasichana 3,964 wa Machakos wamepata mimba kwa sababu ya kufungiwa nyumbani! Nchi ikashika kichwa. Wachungaji wakahubiri, wabunge wakanguruma, na wazazi wakaanza kuangalia matumbo ya watoto wao.

Sasa chukua kidole uhesabu nami. Takwimu hizo zilikuwa za Januari hadi Mei, na shule za Kenya zilifungwa katikati ya Machi. Binti aliyefika kliniki Aprili na tumbo la miezi minne aliipata Desemba, korona ikiwa bado haijafika Afrika Mashariki! Unaona?

Kuna jingine ndani yake. Hesabu ile ilikuwa ya waliohudhuria kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza, wenye miaka 10 hadi 19. Kwa hiyo mle ndani walikuwamo wake za watu wa miaka 18 na 19, waliotulia kwenye nyumba zao na waume zao, wakiitwa "wanafunzi" na gazeti.

Na hili ndilo la kukuangusha benchini: mwaka mmoja kabla, 2019, katika miezi hiyo hiyo mitano, Machakos ilikuwa na wengi zaidi! Namba ilikuwa imeshuka, na gazeti likaipigia mbiu kama imepanda. Hakuna aliyeipigia mbiu mwaka 2019, maana hapakuwa na korona ya kuibebesha.

Umeshaanza kucheka? Subiri. Mwaka 2022 ilitoka ripoti ya watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wasichana 910 wa sekondari huko Siaya, magharibi mwa Kenya. Waliokumbwa na kufungwa kwa shule walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo. Namba ya gazeti ilikuwa mbovu, lakini hofu ya mama wa Machakos ilikuwa sahihi!

Hapo Kenya tena: tarehe 1 Aprili 2020, chini ya wiki tatu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa, Jaji Mkuu David Maraga alisema makosa ya kujamiiana yalikuwa asilimia 35.8 ya kesi zilizoripotiwa. Wengine walioshtakiwa walikuwa ndugu wa karibu na walezi. Amri ilikuwa "kaa nyumbani".

Namba 1195, ile ya Kenya ya kusaidia waliofanyiwa ukatili, ilipokea simu 86 Februari 2020. Juni zilikuwa zaidi ya 1,100. Elfu moja na mia! Mtu mmoja anaweza kupiga mara tatu, sawa, lakini hata ukigawanya kwa tatu bado inatisha.

Basi utasema kila mahali namba zilipanda. La! Jimbo la Florida, Marekani, lilipofunga shule mwaka 2020, taarifa za watoto kuteswa zilishuka kwa asilimia 27 chini ya zilizotarajiwa kwa Machi na Aprili. Kama taarifa 15,000 hivi ziliyeyuka. Wazazi wa Florida walikuwa wamegeuka malaika?

Jibu ni mwalimu. Kule Marekani watu wa shule ndio wanaoongoza kwa kutoa taarifa, kwa sababu ndio wanaoona jeraha kwenye shingo saa moja asubuhi. Funga shule, umefunga jicho.

UNICEF nayo ilitoa mapitio ya tafiti 48 za mwanzo mwanzo za korona na ukatili kwa watoto. Polisi na ustawi wa jamii: taarifa zimepungua. Simu za msaada: huku juu, huku chini. Hospitali: watoto walioumizwa wameongezeka! Janga moja, milango mitatu, majibu matatu. Mwandishi aliyebisha hodi mlango mmoja aliandika habari moja, tena kwa kujiamini.

Na Tanzania? Polisi waliandika matukio 15,680 ya ukatili dhidi ya watoto mwaka 2019, na 15,870 mwaka 2020. Tofauti ni 190 tu, mwaka ambao dunia ilisimama! Mwaka 2021 yakashuka ghafla hadi 11,499. Mimi nikiona namba imeshuka ghafla hivyo siku hizi sipigi vigelegele, nauliza kwanza nani ameacha kubisha hodi.

Je, wajua kuwa Tanzania iliwahi kuwa ya kwanza Afrika katika jambo hili? Eswatini ilitangulia mwaka 2007 kuwauliza wasichana. Tanzania, mwaka 2009, ikawa ya kwanza barani kuuliza nchi nzima, wasichana na wavulana pia. Vijana 3,739 wa miaka 13 hadi 24 walikaa chini wakasimulia utoto wao.

Majibu yalitolewa Agosti 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Waliopigwa, ngumi au teke au fimbo ya kuumiza, walikaribia robo tatu. Hapo hapakuwa na korona wala barakoa. Huo ndio ulikuwa mwaka wa kawaida!

Zanzibar ikatoa la kwake. Huko wavulana waliosema wamefanyiwa ukatili wa kingono walikuwa asilimia 9, na wasichana asilimia 6. Wavulana wengi kuliko wasichana! Lini mara ya mwisho umeona picha ya mvulana kwenye bango la kampeni hizi?

Na katika wote hao, nusu tu ya wasichana ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote, na theluthi moja ya wavulana. Sisemi polisi, mwenzangu. Nasema mtu yeyote, hata bibi.

Ngoja, kuna hili la kuvuruga akili. Katika utafiti huo huo zaidi ya nusu ya vijana walisema walipigwa na walimu. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Kwa hiyo zile siku 104 mtoto alikosa jicho la mwalimu, na pia akaepukana na kiboko chake. Nani wa kuyaweka hayo kwenye mizani?

Asilimia 45! Shika hiyo kwa mikono miwili, ni ya kwetu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Songwe ukiongoza nchi nzima: wasichana 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Wastani wa taifa ulikuwa 22. Songwe ilizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na ilikuwa bado haijafikisha miaka saba ilipovunja rekodi hiyo.

Ukitaka kuandika "korona yaongeza mimba Songwe", kumbuka Machakos. Katika utafiti kama huo wa 2015 na 2016 jedwali lilikuwa na Mbeya na halikuwa na Songwe. Huna cha kulinganisha nacho! Lakini 45 inabaki 45, na haihitaji korona ili iwe habari.

Turudi nyuma kidogo, maana huku kuna vituko. Je, wajua kuwa wanyama walipata chama cha kuwatetea kabla ya watoto? New York ilikuwa na chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama tangu 1866. Mwaka 1874 mtoto aitwaye Mary Ellen, aliyepigwa na kufungiwa ndani, aliokolewa kwa msaada wa mwanzilishi wa chama hicho hicho cha farasi na mbwa. Magazeti yakaisimulia kesi, na chama cha watoto kikafuata.

London, Julai 1885: mhariri W. T. Stead alimnunua binti wa miaka 13 kwa pauni 5, ili athibitishe kwamba watoto wanauzwa. Habari yake ikatikisa Uingereza, na mwaka huo huo Bunge likapandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16. Zawadi yake? Kifungo cha miezi mitatu kwa kumchukua binti huyo!

Mwambao nako kulikuwa na mwandishi asiyekuwa na kalamu. Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba wimbo "Kijiti" kuhusu mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni Unguja na haki iliyopindishwa. Taarabu ilikuwa taarifa ya habari! Mtu aliyekimbia mahakama hakuukimbia wimbo.

Ndiyo maana waandishi wanawake wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida lao wakaliita Sauti ya Siti. Walikuwa na mbinu ya kishindo: redio na magazeti, vyote kwa pamoja, jambo moja, mpaka nchi ishindwe kulala. Mwaka 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana, yenye kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10.

Na "Fataki" unamkumbuka? Mwishoni mwa miaka ya 2000, katika vita dhidi ya UKIMWI, redio zilimleta mzee mtongozaji wa wanafunzi ambaye kila mara mtu mmoja humharibia mpango. Jina likatoka redioni likaingia mtaani, na mzee wa watu akiongea tu na binti wa shule kituoni, konda anapaza sauti: "Fataki huyo!" Ugonjwa ulikuwa umetuachia neno la kumtaja mkosaji.

Korona nayo ilitengeneza neno. Machi 2020, visiwa vya Canaria vya Uhispania, mtu aliyekuwa akiteswa nyumbani aliweza kuingia duka la dawa na kusema maneno mawili tu: "Mascarilla 19." Barakoa 19! Muuza dawa anaelewa, anaita msaada, na mtesaji aliyesimama mlangoni anadhani mke wake kaulizia barakoa.

Mashariki mwa Kongo kisa ni kizito, sogea karibu. Mlipuko wa Ebola wa Kivu na Ituri ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Miezi mitatu baadaye waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walichapisha sauti za wanawake zaidi ya 50 wa Beni. Walisema waliokuja kupambana na Ebola ndio waliowadai ngono ili wawape kazi.

Tume huru ikaundwa, na Septemba 2021 ikataja watuhumiwa 83, wakiwamo 21 waliokuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Mdogo kuliko wote katika walioonewa alikuwa na miaka 13. Kilichofungua mlango kilikuwa daftari la mwandishi, baada ya karibu mwaka mzima wa kukaa na watu na kusikiliza.

Sierra Leone je? Wakati wa Ebola shule zilifungwa, na hesabu ya Umoja wa Mataifa ikakuta wasichana wajawazito zaidi ya 18,000. Zilipofunguliwa mwaka 2015, serikali ikawazuia wajawazito wasiingie darasani. Zuio hilo liliondolewa 30 Machi 2020. Kesho yake, 31 Machi, nchi ikapata mgonjwa wake wa kwanza wa korona! Siku moja!

Kwetu zuio la wanafunzi waliojifungua liliondolewa 24 Novemba 2021, na Waziri Joyce Ndalichako. Kwa hiyo binti wa Tunduma aliyepata mimba katika zile siku 104 za 2020 alikuta geti limefungwa mara mbili: kwanza na korona, halafu na tumbo. Na aliyempa mimba, sheria ya mwaka 2016 inasema miaka 30 jela.

"Aliyempa mimba." Umeisikia? Lugha yetu inatumia neno la zawadi. Na gazeti likitaka kuwa na adabu linaandika mzee "alimchezea" mtoto, kama vile walikuwa na mpira. Nani alicheza hapo?

Afrika nzima na dunia ilitabiriwa makubwa. Aprili 2020 UNFPA ilikadiria ndoa za utotoni milioni 13 za ziada ndani ya miaka kumi. Mwaka mmoja baadaye UNICEF ikasema milioni 10. Tofauti ya watoto milioni 3, wengi kuliko wakazi wote wa Songwe mara mbili! Yalikuwa makadirio, ila kwenye vichwa vya habari neno "huenda" ndilo la kwanza kukatwa nafasi ikibana.

Agosti 2020 UNICEF ilitangaza kuwa nchi 104 kati ya 136 zilizojibu zilisema huduma za kuwakinga watoto na ukatili zimevurugika. Namba ile ile ya siku zetu, 104! Imetokea tu, usiipeleke kwa mganga.

Je, wajua kuwa kijijini unaweza kumtaja mtoto bila kumtaja jina? Andika "mwanafunzi wa darasa la sita, shule ya kijiji fulani, binti wa fundi baiskeli." Dar es Salaam huyo ni mtu yeyote. Hapa Msangano fundi baiskeli ni wawili, mmoja ana wavulana watupu. Umemaliza!

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, una ibara ya 16 juu ya faragha ya mtoto. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 nayo inaifanya mahakama ya watoto ikae faragha. Hakimu anafunga mlango, halafu mtu na simu yake anapiga picha ya binti akitoka uani, kanga usoni, na nyuma yake ukuta wa shule umeandikwa jina kwa rangi ya bluu.

Msidhani haya ni ya 2020 tu. Januari 2024 Zambia iliahirisha kufungua shule hadi 12 Februari kwa sababu ya kipindupindu. Wiki tano zaidi nyumbani, hapo ng'ambo! Nakonde wakikaa nyumbani, Tunduma wanaingia darasani, na soko ni lile lile.

Haya, mpunga wa mama huyu umeisha, wewe ndiye unayefuata. La mwisho, na ndilo ninalolipenda. Namba ya simu ya kumsaidia mtoto Tanzania ni 116. Kenya? 116. Uganda? 116, tena wameiita Sauti, kwa Kiswahili hasa. Zambia? 116! Mtoto wa Tunduma na mtoto wa Nakonde, wenye bendera mbili, pesa mbili na saa mbili tofauti, wanabonyeza tarakimu zile zile tatu. Vocha haihitajiki.

Gunia lako hilo wanaliita, nenda. Umeishika lakini? Moja, moja, sita.